Shenzi, Taka na Milele: Miaka Thelathini ya Kiswahili Ndani ya Katuni

Katika filamu ya Mufasa: The Lion King, iliyotoka Desemba 2024, kuna mwanasimba wa kifalme anayeitwa Taka. Baba yake mfalme, mama yake malkia, na jina walilompa ni la kile tunachokifagia asubuhi na kukipeleka jalalani. Mtazamaji wa Chicago hajali, kwake hilo ni jina la Kiafrika lenye sauti nzuri. Mtazamaji wa Tanga au Kisumu anajiweka sawa kwenye kiti, maana ameshaambiwa mwisho wa hadithi kabla haijachanganya. Tena ameambiwa mara mbili. Taka ni uchafu, na taka ni kutaka, na huyu Taka matatizo yake yote yanatokana na kutaka: anamtaka Sarabi, anataka heshima, anataka kupendwa kama anavyopendwa yule ndugu yake aliyeokotwa mtoni.

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizitazama katuni za familia nikiwa na swali moja tu. Sio kama picha ni nzuri, kwa sababu siku hizi karibu zote ni nzuri. Najiuliza: Kiswahili kimewekwa humu ndani kifanye kazi gani? Ni mshirika wa hadithi, au ni kama kile kitenge kinachotundikwa ukutani hotelini ili mgeni ajue kwamba amefika Afrika?

Ili kulijibu swali hilo inabidi turudi nyuma miaka thelathini na kitu.

Novemba 1991 kundi la watengenezaji filamu wa Disney lilisafiri kwenda Kenya, kwenye Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Walikuwa wanaandaa filamu ya simba. Walichora miamba, nyasi na mwanga wa jioni, wakatazama wanyama, wakarudi Marekani na madaftari yaliyojaa. Wao wenyewe wamesimulia kwamba maneno "hakuna matata" waliyasikia kwa mwongozaji wao wa safari. Kulikuwa na wimbo mwingine ulioandaliwa kwa ajili ya yule ngiri, ukatolewa, na maneno ya mwongozaji yakageuzwa kuwa wimbo mpya chini ya Elton John na Tim Rice. Filamu ilipotoka mwaka 1994, watoto wa nusu ya dunia wakajua maneno mawili ya Kiswahili.

Angalia safari ya maneno hayo. Hayakuchukuliwa kwenye sebule ya mtu, wala sokoni, wala kwenye kitabu. Yalichukuliwa kwenye gari la watalii. Huku Tanzania ukimgonga mtu kikumbo barabarani na kumwomba radhi, atakwambia "hamna shida" au "hakuna tatizo". Matata kwetu ni neno lenye sura nyingine: mtoto matata, mwanamke matata, jirani mwenye matata. Ukienda Lubumbashi au Goma utalikuta neno hilo lina uhai mwingi zaidi kwenye mazungumzo ya kila siku, na Kongo hiyo hiyo iliwahi kuwa na waziri mkuu, kuanzia 2012 hadi 2016, ambaye jina lake ni Matata Ponyo. Ila "hakuna matata" kama salamu ya kumtuliza mgeni ni lugha ya pwani ya hoteli. Ilishaimbwa na Them Mushrooms wa Mombasa miaka ya mwanzo ya 1980, kwenye ule wimbo wa Jambo Bwana ambao hadi leo hakuna mtalii anayeondoka Diani bila kuusikia. Disney walikuta biashara tayari ipo, wao wakaikuza tu.

Kisha wakaiwekea uzio. Mwaka 1994 kampuni iliomba nchini Marekani kusajili "Hakuna Matata" kama alama ya biashara kwenye nguo, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Wengi wetu hatukuwa na habari mpaka mwishoni mwa 2018, mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alipoanzisha ombi mtandaoni na zaidi ya watu laki moja wakatia saini. Nakumbuka mabishano ya siku zile. Wanasheria walieleza, na walikuwa sahihi, kwamba alama ya biashara haimkatazi mtu kusema neno, inamzuia tu mwingine kuuza fulana zenye neno hilo kwenye soko lile. Lakini tulioumia hatukuumia kisheria. Kilichotuchoma ni kwamba neno lilitoka mdomoni mwa mwongozaji ambaye jina lake halijulikani na wengi wetu, likasafiri, na liliporudi lilikuwa na mwenyewe.

Sasa tuyaangalie majina. Simba ni simba, hilo halina mjadala, ingawa mtoto wa Dar es Salaam pengine analijua kwanza kama jina la timu. Rafiki ni rafiki. Sarabi, mama yake Simba, ni sarabi ile ya jangwani, mazigazi, maji yasiyokuwepo. Pumbaa anatokana na kupumbaa, yaani kuduwaa, kuwa kama mtu asiyekuwa na habari. Nala, mitandao inadai kwa kujiamini kabisa, ni "zawadi" kwa Kiswahili. Mimi na wewe tunajua kwamba zawadi kwa Kiswahili ni zawadi. Mufasa hayumo kwenye kamusi yoyote ya Kiswahili niliyowahi kuifungua. Wimbo wa kufungulia ni wa Kizulu, kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini. Timon ni mnyama wa kusini mwa bara, kule Kalahari, ambaye Afrika Mashariki hayupo. Rafiki ana uso wa mandrili, ambaye kwao ni misitu ya Gabon na Kameruni. Nchi yenyewe haina jina tunalolijua.

Yaani kilichotengenezwa pale ni Afrika moja kubwa isiyo na ramani, na Kiswahili kikapewa kazi ya kuwa lugha yake. Wengine watasema hiyo ni heshima. Kuna ukweli ndani yake: kati ya lugha zote za bara hili, yetu ndiyo iliyochaguliwa kuvishwa wahusika. Lakini filamu hiyo hiyo ilipotafsiriwa kwa lugha ya kusini mwa Sahara, ilitafsiriwa kwa Kizulu. Kwa hiyo huko Simba na Pumbaa waliokuwa na majina ya Kiswahili wakazungumza Kizulu, na sisi tuliokuwa wenye majina tukabaki kumsikiliza Simba akizungumza Kiingereza kwenye kanda za VHS zilizokwisha kuchakaa. Sina ugomvi na Wazulu, walistahili. Naonyesha tu tofauti kati ya kukopesha majina na kupewa hadithi.

Kuna jina moja nimeliruka makusudi, nalo ni Shenzi.

Siku moja mpwa wangu wa miaka sita, akiwa anatazama ile filamu ya 2019, aligeuka akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika jikoni: "Mjomba, kwa nini yule fisi wanamtukana?" Sikuwa na jibu la haraka. Nyumbani kwao neno hilo lina adhabu yake. Kwenye televisheni lilikuwa linatajwa mara kwa mara, kwa utulivu, kama vile unavyomwita mtu Asha.

Neno mshenzi lina historia nzito, na ndiyo maana linauma. Kwenye miji ya pwani ya karne ya 19 kulikuwa na waungwana na kulikuwa na washenzi. Muungwana alikuwa na nyumba ya mawe au alitamani kuwa nayo, alikuwa na dini, alivaa kanzu, alijua kuzungumza. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na ustaarabu, na katika zama za biashara ya utumwa tofauti hiyo haikuwa ya adabu tu. Ilikuwa inaweza kuamua nani anauzwa na nani anauza. Wakoloni walipofika walilikuta neno tayari limenolewa, wakalichukua. Walowezi wa Kenya waliliingiza kwenye Kiingereza chao kama kivumishi cha kila kitu walichokiona duni: mbwa wa hovyo asiye na ukoo alikuwa "shenzi", kazi mbovu ilikuwa "shenzi", mtu pia. Kwa hiyo hilo ni tusi lililopita mikono ya mabwana wa aina mbili kabla ya kufika kwenye studio ya California.

Pale likapewa fisi, na fisi wa The Lion King ndio wanaoishi nje ya mpaka, kwenye nchi ya kivuli, wenye njaa, wasioruhusiwa kuvuka kuja kula upande wa wafalme. Sijui kama aliyelichagua jina alijua. Lakini hata kama alifungua kamusi tu akaona "asiyestaarabika", filamu ilirudia sawasawa mpangilio wa zamani: waungwana juu ya jiwe lao, washenzi huko nje. Kwa mtazamaji wa Kiswahili filamu hiyo ina tabaka ambalo watengenezaji wake pengine hawalifahamu, na tabaka hilo halipendezi.

Mwaka 2019 ilipotengenezwa upya, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani, fisi wawili walibadilishwa majina. Banzai na Ed waliondoka, wakaja Kamari na Azizi. Shenzi akabaki. Aliyempa sauti safari hii alikuwa Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Na tukapata pia fisi anayeitwa Azizi, yaani kipenzi, laazizi wa moyo. Unaona tatizo? Majina yanaongezeka, lakini hakuna aliyekaa kuyasikiliza yakiwa pamoja.

Nisije nikaonekana natafuta ubaya tu. Kuna mahali ambapo majina haya yalifanya kazi, tena vizuri. Filamu ya The Lion King II: Simba's Pride ilitoka mwaka 1998 moja kwa moja kwenye kanda za video, na wahakiki wengi waliitazama kama mtoto wa kambo. Mimi naipenda kuliko ile ya kwanza kwa sababu ya kilugha. Humo kuna simba jike mwenye kinyongo aliyefukuzwa pamoja na kundi lake, anaitwa Zira. Kuzira, kwa asiyelitumia, ni kususa kwa hasira: mtoto anazira chakula, mke anazira nyumba. Huwezi kupata jina bora zaidi la mtu aliyeishi miaka yote akilea kinyongo. Wanawe ni Nuka, ambaye kila mtu anamkwepa, Vitani, ambaye amelelewa kwa ajili ya vita, na Kovu, mrithi aliyeteuliwa na Scar. Sasa Scar kwa Kiswahili ni nini? Ni kovu. Mtazamaji wa Kiingereza anaona majina mawili tofauti. Mtazamaji wa Kiswahili anaona jina moja limepita kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa kijana, na swali la filamu nzima, kama huyu kijana ni lazima awe yule mzee, limewekwa mezani tangu dakika anapotajwa. Hapo lugha inafanya kazi.

Mfululizo wa The Lion Guard, ulioonyeshwa kati ya 2015 na 2019, ulikwenda mbali zaidi. Mamba mwenye majivuno anaitwa Kiburi. Mbweha mvivu anaitwa Goigoi. Fisi mjanja ni Janja, swila mwenye shari ni Ushari, tai anayezunguka angani ni Mzingo. Kiboko mpole anaitwa Beshte, na hilo ni neno la Sheng kabisa, la vijana wa Nairobi, rafiki wa kufa na kuzikana. Duma Fuli ana usemi wake, "Huwezi!", anautoa akiwa anakimbia. Hilo ndilo neno nililolifurahia kuliko yote, kwa sababu ndivyo watoto wetu wanavyotambiana uwanjani: huwezi, huniwezi, kwanza huwezi. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba kuna mtu kwenye chumba cha waandishi ameshawahi kusikia watoto wa Afrika Mashariki wakicheza. Semi nyingine, kama ile "hevi kabisa", bado sijamkuta mtu anayezisema mtaani.

Wenzangu hucheka majina ya namna hii wakisema ni ya kitoto, kwamba eti mbaya anaitwa Ubaya na mvivu anaitwa Uvivu. Nawaomba warudi kwenye rafu zao za vitabu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, mshitakiwa mwenye maono anaitwa Karama na waziri anayemshitaki anaitwa Majivuno. Katika Adili na Nduguze, mtu mwema ni Adili na ndugu zake wawili wanaomwonea kijicho ni Hasidi na Mwivu. Hao ndugu wanageuzwa kuwa manyani. Kwa hiyo tunayo hadithi yetu ya wivu wa ndugu, yenye majina yanayotangaza tabia na yenye wanyama ndani yake, iliyoandikwa na mtu wa Tanga zaidi ya miaka 70 kabla ya Taka na Mufasa. Tulifundishwa vitabu hivyo shuleni tukavijibia mitihani. Jina linalobeba tabia ni mila ya fasihi yetu kabisa, na katuni za Disney, bila kujua, ziliingia kwenye barabara ambayo Shaaban Robert alishaichonga.

Tofauti iko hapa. Shaaban Robert anapomwita mtu Majivuno, kila neno linalofuata liko kwenye lugha ile ile. Majivuno anajibiwa kwa Kiswahili, anashindwa kwa Kiswahili. Kwenye katuni jina ni la Kiswahili na hukumu inasomwa kwa Kiingereza. Jina linabaki peke yake kama mgeni aliyefika harusini bila jamaa.

Na kwenye hilo la majina ya uchafu na taabu, ningependa kumtetea kidogo mama yake Taka. Huku kwetu wapo watu wazima wenye heshima zao wanaoitwa Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Majuto, Sikudhani. Majina hayo yanasimulia siku mtoto alipozaliwa: kulikuwa na njaa, baba alikuwa ameondoka, ndugu waliotangulia walikuwa wamefariki. Zipo jamii zilizompa mtoto jina baya makusudi ili kifo kimwone hafai kimpite. Kama waandishi wa Mufasa wangejua hilo, jina la Taka lingeweza kuwa hadithi ndani ya hadithi: wazazi waliopoteza watoto, wakampa huyu jina la jalalani ili abaki hai, naye akakua akilichukia jina bila kujua kwamba lilikuwa ni pendo. Lingekuwa jeraha la kweli la kumgeuza mtu kuwa Scar. Jina hilo lilikuwepo tangu 1994, kwenye kitabu cha watoto kilichotoka pamoja na filamu ya kwanza. Miaka thelathini lilikaa likisubiri mtu aulize linamaanisha nini kwa wenyewe.

Wakati hayo yakiendelea Hollywood, huku nyumbani watu hawakukaa mikono mitupu. Kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam wapo waliokuwa wanasimama na kipaza sauti kutafsiri filamu za kigeni papo hapo, na Lufufu akawa jina kubwa kuliko waigizaji aliowatafsiri. Kenya ikampata DJ Afro. Wale hawakutafsiri tu, waliwapa wahusika ukoo, mtaa na madeni. Hakuna aliyewafundisha kwamba jina pekee halitoshi.

Kwa upande wa katuni yenyewe, mwaka 2010 BBC ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwenye studio ya Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect. Michoro yake ilitokana na mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya dari, akauawa kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mtu mwingine mwaka 1972. Miaka minne tu ya kuchora, na mkono wake ukaja kuonekana kwenye televisheni za Uingereza. Hadithi zake zilikuwa zile za "kwa nini", kwa nini fulani ana mkia, kwa nini fulani hana, hadithi ambazo bibi zetu wangezitambua. Rangi zilikuwa zetu, mpangilio wa hadithi ulikuwa wetu, muziki wa Eric Wainaina ulikuwa wetu. Lugha ilikuwa Kiingereza.

Kisha ikaja Januari 2014, na TBC1 ikaanza kuonyesha Ubongo Kids, kazi ya Ubongo ya Dar es Salaam. Ndiyo, ni vipindi vya kufundisha hesabu na sayansi, na mimi nina malalamiko yangu: mara nyingi somo linaikalia hadithi kichwani, na vichekesho vinasubiri mpaka jibu la hesabu lipatikane. Lakini sikiliza majina. Kiduchu. Huwezi kulitafsiri bila kupoteza kitu, kwa sababu "kiduchu" ni neno la mtaani, la mama anayegawa ubwabwa, la fundi anayeomba aongezewe hela. Na Kiduchu anapozungumza, anazungumza lugha iliyomzaa jina lake. Mtoto anayemtazama hajifunzi sehemu za namba tu. Anajifunza pia kwamba lugha anayoitumia kuomba maji inaweza kugawanya, kukisia, kubishana na kuthibitisha.

Wadogo zao wakapata Akili and Me, ya msichana Akili anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na akilala anaingia kwenye nchi inayoitwa Lala Land. Watazamaji wa Kiingereza wanasikia nchi ya ndoto. Wetu wanasikia amri ya mama: lala! Utani huo ni mdogo, wa silabi mbili, lakini ni utani ambao hauwezi kuwepo bila Kiswahili. Ukikiondoa, mlango wa hadithi unafungwa. Hicho ndicho kipimo changu siku hizi kwa katuni yoyote. Nikiiondoa lugha yetu humu, kitavunjika nini? Kwenye The Lion King ya 1994 havivunjiki vingi: mwite Simba Leo na Rafiki mwite Bob, hadithi inaendelea. Kwenye Lala Land kinavunjika kitu.

Nikizipima kwa kipimo hicho kazi za karibuni, matokeo ni mchanganyiko. Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za watengenezaji wa Kiafrika chini ya Triggerfish ya Afrika Kusini. Jina la mkusanyiko ni la Kiswahili, na kila ninapolisoma mdomo wangu unataka kuongeza "cha": kizazi cha moto. Lakini ndani yake kuna raha. Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya inachukua jina la Mungu la Kimaasai na kulijengea dunia yake. Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda inamweka msichana kwenye kazi ya kulinda ng'ombe, na mtu aliyekulia kwa wafugaji ataona kwamba aliyeichora anajua ng'ombe ni nini. Februari 2024 ikaja Iwájú, ya Lagos, na sifa yake kubwa kwangu ni kwamba Lagos ni Lagos. Ina daraja, ina foleni, ina Kiingereza cha kwao. Haijifanyi kuwa Afrika nzima. Baada ya miaka thelathini ya nyika isiyo na jina, mji wenye jina ni hatua kubwa.

Na ile Mufasa? Hapo kuna kitu kilinishangaza, na nina hakika kimewashangaza wengi wanaozungumza Kiswahili. Majina bado ni ya kuchanganya, Masego ni la Kitswana, Obasi ni la Nigeria. Lakini nchi ya ahadi wanayoiota simba hao, nchi ya kijani ng'ambo ya upeo, inaitwa Milele. Kwa waandishi pengine lilikuwa neno tamu tu. Kwetu milele si mahali, ni muda usio na mwisho, na tunalijua kutoka sehemu mbili: kanisani, kwenye uzima wa milele, na msibani, pale mzungumzaji anaposema marehemu amekwenda kwenye makao yake ya milele. Kwa hiyo mama anapomsimulia mwanawe kuhusu Milele, halafu mafuriko yanakuja na kuwatenganisha, mwili unasisimka. Tumeshaelewa. Mtoto ameambiwa kuhusu kaburi na kuhusu pepo kwa neno moja, na yeye anadhani ameambiwa kuhusu malisho. Hakuna mtazamaji mwingine duniani aliyepewa tukio hilo kama tulivyopewa sisi. Limetokea kwa bahati, lakini limetokea, na linaonyesha lugha hii ina nini ndani yake kwa atakayekuja kuichimba kwa makusudi.

Kuna filamu nyingine ya mwaka huo huo wa 2024 ambayo haina neno hata moja la kutuhusu, nayo ni The Wild Robot. Mwongozaji wake, Chris Sanders, alikuwa kwenye ile safari ya Hell's Gate mwaka 1991. Sauti ya roboti Roz ni ya Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya. Roz anatua kwenye kisiwa cha wanyama, anawasemesha kwa lugha za kibinadamu, hakuna anayemwelewa na wote wanamkimbia. Basi anakaa chini. Siku zinapita, majani yanamwangukia, yeye kimya, anasikiliza tu, mpaka kelele za wanyama zinaanza kugeuka kuwa maneno. Baada ya hapo ndipo anapofungua mdomo.

Nilipoitazama nilicheka peke yangu. Wale vijana wa 1991 walikaa Kenya muda wa kutosha kuchora miamba. Wanaotengeneza katuni kutoka kwetu sasa hivi, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, wao wamekaa hapa maisha yao yote, na masikio wanayo. Kinachowapungukia ni bajeti na muda wa televisheni. Mpwa wangu ana miaka saba sasa, na bado anatazama kila kinachowekwa mbele yake. Wiki iliyopita alinieleza, kwa Kiswahili, kwa nini nusu na mbili ya nne ni kitu kimoja, akiwa amekata chapati yangu vipande vinne kunithibitishia, kisha akala kipande kimoja na kuniambia kilichobaki nikipigie hesabu mwenyewe.